Ametoka Kidogo

Mtaa wa Mferejini, Manzese
18 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Najua utaiitikia peke yako jikoni, kwa hiyo nasubiri kidogo kabla sijaendelea. Huku tu wazima. Clara yuko kidato cha pili na amenipita urefu. Isack, baba yake, bado yuko kwenye yadi ya makontena Kurasini, anarudi jioni na mgongo unaouma na visa vya madereva. Cherehani zangu mbili zinaenda, ingawa ile ya zamani ina kisirani, inakata uzi mteja akiwa amesimama mlangoni. Masikio yako je? Kasiani katekista aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi hata kengele ya kanisa unaiona tu ikicheza. Basi tuendelee na barua zetu za kutuma kwa mabasi, maana barua haihitaji kupigiwa kelele.

Sasa jambo lenyewe, na usikunje uso kwanza. Novemba nitagombea uenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti wetu anaitwa Brightson. Mwaka jana aligonga muhuri, mfanyabiashara mmoja akajenga ghala juu ya mfereji. Mvua za Aprili zikakosa njia zikaja ndani. Kwangu maji yalifika kwenye pedeli ya cherehani. Bi Herieth, jirani yangu aliyepooza upande mmoja, tulimtoa tukiwa tumemlaza juu ya mlango tulioung'oa. Tulipokwenda ofisini kulalamika, Brightson alitutazama akasema, "Nyie si mmezoea maji? Mbona mnakuwaga wagumu hivyo?" Nilirudi nyumbani na hasira, Shangazi, na hasira ile haijaniisha mpaka leo.

Chama changu unakijua, si chako. Nisamehe kwa hilo, ila uniombee.

Mwanao,
Editha


Litangula, Mbinga
9 Septemba 2024

Mwanangu Editha,

Milele amina, na marahaba. Niliitikia kwa sauti kweli, kuku wakakimbia. Mimi mzima, masikio tu ndiyo yamestaafu kabla yangu. Kahawa tumemaliza kuchuma. Baba yako mdogo Gervas amenunua mbuzi dume mkorofi, ameshakula nusu ya ua wangu, naye mwenyewe anakuja kuomba radhi huku anacheka. Msalimie Isack, mwambie mgongo haukandwi kwa hadithi, ukandwe kwa maji ya moto.

Kuhusu chama sina neno. Kadi yangu ina miaka arobaini na mitatu na sijaona ikimtoa mgonjwa kwenye maji. Kinachonitia hofu ni kingine, na unakijua. Baba yako Albano alipofariki, kikao cha ukoo kilisema shamba na nyumba hii ni vyako maadamu wewe ni mkazi wa Litangula. Ukihama vinakwenda kwa Gervas. Mimi nilikuwa nimefiwa na mume, nimerudi kwetu bila mtoto na bila sufuria, wakaniambia nikae hapa nikulindie. Tangu uende Dar mwaka 2009, kila orodha inayopita, ya mbolea, ya vyandarua, ya chama cha ushirika, nawaambia, "Editha yupo, ametoka kidogo." Wanacheka, wanaandika. Umetoka kidogo miaka kumi na mitano sasa.

Leo unataka kusimama mbele za watu useme wewe ni mkazi wa Manzese. Gervas akisikia, mimi nitalala wapi? Nina miaka sabini na mmoja. Hakuna mwingine huko wa kugombea, wewe ukamshonea sare?

Sikukatazi. Nakuuliza tu.

Shangazi yako,
Anjelina


Manzese
14 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilikaa wiki nne stendi ya Mbezi kwa sababu kondakta aliandika namba yangu ya simu pungufu ya tarakimu moja. Niliipata juzi, nimeisoma mara nne. Clara anakusalimu, amepata malaria lakini amepona. Isack amekanda mgongo kwa maji ya moto na anasema wewe ni daktari.

Nimechelewa kukujibu, na kumbe hata ningewahi jibu lingekuwa hili hili. Wanachama wamenipigia kura za maoni, nimeshinda. Jumamosi nimejiandikisha kwenye orodha ya wapiga kura ya mtaa. Bi Herieth aliomba abebwe kwenye kiti mpaka kituoni ili naye aandikwe. Mtu akishafanya hivyo kwa ajili yako huwezi tena kumwambia umebadili mawazo.

Litangula ni mbali. Nani wa huko atakuja kusoma bango la Mferejini? Na hata nikishinda sitaacha kina baba wa ukoo wakunyang'anye chochote, wewe utakaa hapo siku zako zote, nakuahidi.

Ila nakuomba jambo moja, Shangazi, na ulisikie hata kama masikio hayataki. Orodha ya wapiga kura inayopita sasa huko kijijini usiniandikishe. Ya mbolea sawa. Hii si ya mbolea. Mtu akionekana kaandikwa pawili wanamwengua, na Brightson anatafuta sababu usiku na mchana. Nimempa dereva barua hii mkononi ifike haraka. Nijibu kwamba umeelewa.

Editha


Litangula
27 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru Clara amepona. Mvua za kwanza zimegusa huku, mahindi tumeanza kuyapanda. Binti wa Kasiani anaolewa Desemba na nguo ya harusi wanataka uishone wewe, nimewaambia una shughuli nyingi. Mbuzi wa Gervas amevunjika mguu, hakuna aliyelia isipokuwa Gervas.

Tulimzika bibi yake Wilbert wiki hii. Unamkumbuka Wilbert, yule mwenye mwanya? Amekuja kutoka Dar na suti. Anasema anaishi karibu na wewe na kwamba anamfahamu sana mwenyekiti wenu. Jana alisimama muda mrefu mbele ya ofisi ya kijiji, pale orodha zilipobandikwa, anapiga picha kwa simu. Je, ni rafiki yako?

Uliuliza habari za uandikishaji. Huku umekwisha kwa amani.

Kula vizuri. Ukiwa na hasira unasahau kula, tangu utotoni.

Shangazi yako,
Anjelina


Manzese
10 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Wameniengua. Brightson aliweka pingamizi siku ya Ijumaa, na ushahidi wake ni picha ya orodha ya wapiga kura ya Litangula. Namba 214, Editha Albano Kapinga, mwanamke, miaka 38. Pembeni kuna saini inayofanana na yangu. Msimamizi wa uchaguzi alinisomea mbele ya watu kwamba mgombea amejiandikisha sehemu mbili, kwa hiyo si mkazi wa uhakika wa mtaa huu. Wilbert alikuwa amekaa nyuma anatafuna kijiti. Nje watu walinizunguka, fundi mmoja wa vitanda akaniuliza, "Sista, si ulituambia wewe wa hapahapa? Mbona umetuchezea?" Nililia njiani bila kujificha.

Huyu ni Baba mdogo Gervas. Nani mwingine? Kasiani kaniambia Wilbert alilala kwake msibani, wamepanga pamoja waniharibie. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeshakata rufaa na nimemtaja humo kwa jina, kwamba ameghushi saini yangu. Wamesema watawasiliana na kata ya huko ili ahojiwe.

Lakini maneno yangu peke yake hayatoshi. Kamati ya rufaa inataka maelezo ya maandishi kutoka Litangula, ya mtu anayejua nani aliniandikisha, yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji. Mwisho ni Ijumaa tarehe 15, saa tisa na nusu alasiri. Nimempigia Kasiani akuambie barua inakuja. Dereva wa basi linalorudi Jumatano asubuhi anakusubiri. Ukimpa Jumatano, Alhamisi ninayo mkononi.

Shangazi, nakusihi. Andika unachokijua.

Editha


Litangula
12 Novemba 2024, Jumanne

Mwanangu Editha,

Barua yako imefika saa nne asubuhi. Sikusubiri hata chai ipoe.

Nilikuandikisha mimi. Siku ya kwanza kabisa, tarehe 11 Oktoba, nilikwenda nikawaambia maneno yale yale ya miaka yote, nikaweka saini yako. Naijua, mimi ndiye niliyekufundisha kushika kalamu. Gervas alikuwa nyuma yangu kwenye foleni na alisikia, lakini alinyamaza. Ungetulia ungeona kwamba Gervas ndiye mtu wa mwisho duniani kukuandika hapa. Yeye faida yake ni wewe usiwepo.

Barua yako ya kunikataza ilinifikia tarehe 16, uandikishaji ukiwa bado haujafungwa. Ningeweza kwenda kusema futeni. Nilifika mpaka mlangoni. Gervas alikuwa ameketi pale na wenzake, nikafikiri, nikilifuta jina mbele yake nimejifukuza nyumbani kwa kinywa changu. Nikageuka, nikapitia dukani nikanunua chumvi ambayo sikuihitaji.

Nimeandika maelezo kwenye karatasi ya pili. Mtendaji ameyagonga muhuri, ameniangalia sana lakini amegonga. Yapeleke.

19 Novemba, Jumanne

Editha, unaona tarehe. Barua hii ilikuwa tayari na muhuri wake, na Jumatano asubuhi nilikwenda nayo stendi. Basi lilikuwepo. Dereva aliniona, akanipungia mkono. Nilisimama na bahasha ndani ya kanga mpaka likaondoka. Alhamisi hivyo hivyo.

Sitakudanganya kwamba niliugua au kwamba mvua ilikata njia. Niliogopa. Nilifikiri, Editha ana mume, ana cherehani mbili, akikosa uenyekiti atabaki na nyumba, mimi nikikosa hii sina kitu. Nilijipendelea. Ijumaa saa tisa na nusu ilipopita nilikaa kitandani nikajisikia vibaya kuliko siku niliyomzika mume wangu.

Kata imemwita Gervas mara mbili. Amerudi kimya, hasemi na mtu. Sijamwambia.

Natuma leo, najua haikusaidii tena. Nimeshindwa kulala nayo chumba kimoja.

Anjelina


Manzese
8 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima.

Rufaa ilitupwa tarehe 15 kwa kukosa ushahidi. Brightson akabaki peke yake, tukaambiwa apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Ndiyo 412, hapana 377. Mimi sikupiga hata hiyo hapana, jina langu walilifuta kwenye orodha ya mtaa siku ile ile. Bi Herieth alikwenda na kiti chake. Aliporudi hakuniangalia usoni, akasema tu, "Mie nilikuwaga nakuamini, mwanangu." Kauli hiyo imenichoma kuliko zile kura.

Barua yako niliipata tarehe 21. Niliikunja nikaiweka, nikaifungua, nikaikunja tena. Isack alitaka niipeleke kwa viongozi wa chama na kwa majirani, wasome muhuri, wajue mimi si tapeli. Tumegombana naye siku mbili. Ikisomwa hadharani kuna sheria inayokungoja, na kuna kina baba wanaokungoja. Mvua zimeshika. Sikutaka ulale nje.

Basi nilikwenda mwenyewe kwa msimamizi nikafuta shutuma dhidi ya Baba mdogo. Nikasema nilituma jina langu mimi huko, kwa hiari yangu, na saini ni yangu. Nimeandika hivyo na nimeweka dole gumba. Chama kimeniandikia barua ya mistari mitatu kwamba hakinihitaji. Mtaani wananiita Mama Pawili.

Usidhani nimekusamehe. Nina hasira na wewe, Shangazi, hasira kubwa kuliko ya Brightson, maana Brightson hakunilea. Na nina hasira na mimi pia. Barua yangu ya Novemba sikukuuliza kama ni wewe. Nilimrukia Gervas haraka haraka. Nilijua. Nilikuwa naliogopa jibu.

Usinijibu kwa sasa. Nitakapoweza nitaandika.

Editha


Litangula
2 Februari 2025

Mwanangu Editha,

Umenikataza kujibu, na nimejitahidi wiki nane. Nivumilie barua hii moja. Mimi mzima. Binti wa Kasiani ameolewa, nguo ilibana. Mahindi yamefika kiunoni.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa na mkutano mkuu wa kijiji. Kwa kuwa sisikii, Kasiani alikaa karibu yangu na daftari, akawa ananiandikia kila anachosema mtu. Yalipofika mengineyo nilinyoosha mkono, nikasimama. Nilisema yote. Kwamba ulihama mwaka 2009 na hukuwahi kurudi kukaa. Kwamba orodha zote za miaka yote nilizijaza mimi. Kwamba saini ya namba 214 ni ya mkono wangu, na kwamba Gervas aliitwa kata kwa kosa langu nami nikanyamaza.

Kisha nikamtazama Kasiani anaandika maneno ya Gervas. Nikasoma: "Dada, mbona hukuniomba? Ningekuachia nyumba." Nikainua macho, Gervas alikuwa anafuta uso kwa kofia. Sijui kama ni kweli angeniachia. Sikumpa nafasi hata mara moja, na sasa hakuna atakayejua, hata yeye mwenyewe.

Mtendaji alisema kosa langu ni la kupelekwa mahakamani. Wazee waliniombea, akasema atafikiri, mpaka leo anafikiri. Ukoo ulikaa Jumapili iliyopita. Shamba na nyumba ni vya Gervas. Amesema nikae humu nikitaka, na mkewe ameniletea kuni. Lakini kukaa kwa hisani ya mtu niliyemwacha ateseke kwa ajili yangu siwezi, Editha. Kila asubuhi nikimwona anapita na jembe ninatamani ardhi inimeze.

Ndani ya bahasha kuna muhtasari wa mkutano, una muhuri na saini ya mwenyekiti wa kijiji. Kuna nakala mbili. Moja mpelekee Bi Herieth, umsomee mwenyewe, usitume mtu. Ya pili fanya utakavyo. Mwaka huu Oktoba kuna uchaguzi mwingine mkubwa, sijui kama watakutaka au wewe utawataka, hilo si langu tena. Mimi nimeona tu watu wa mtaa wako wajue kwamba hukuwadanganya.

Nitakuja baada ya Pasaka. Usinitumie nauli, nimeuza kuku. Najua bado una hasira, na sikuombi uache. Nipangie chumba kokote, hata mbali na kwako, mradi ni hapo Mferejini. Siku nikifika nipeleke ofisi ya mtaa, kwa huyo huyo Brightson, kwenye daftari la wakazi. Wewe simama nje. Nitajitaja jina mwenyewe, na akiniuliza nyumbani ni wapi nitamwambia ni hapo hapo, na Litangula nimehama, sikutoka kidogo.

Anjelina